Beberu Asiyetoka Zizini

Kijiji kizima kilikuwa na beberu mmoja tu wa mbegu ya maziwa, naye alikuwa wa Mzee Mgonja. Ukitaka beberu huyo akupandie mbuzi wako, sharti mtoto jike wa kwanza awe wa mzee. Maziwa yakawa kwake, kwa wanawake wenye mbuzi yakabaki madume.

Siku moja Nakijwa, mwenye mbuzi mmoja tu, alimshtaki mzee kwa mwenyekiti wa kijiji.

"Beberu wake ametoroka, kamaliza maharage yangu."

"Beberu wangu hajawahi kutoka zizini, binti."

"Apa," Nakijwa akamwambia.

Mzee akaapa mbele ya watu. Nakijwa akaenda zake kichwa chini.

Mbuzi wake alipozaa, mtoto alikuwa jike mwenye mistari myeupe usoni, kama ya beberu wa mzee. Mgonja akaja na kamba.

"Huyo wangu. Sura ya beberu wangu hiyo."

"Yule uliyeapa hajawahi kutoka?"

Mzee akakunjakunja kamba yake.

"Basi maharage yako yaliliwa na nani?"

"Maharage yapi, baba? Msimu ule sikupanda. Shambani nilimfunga mama yake huyu, siku aliyokuwa akitafuta dume."