Bodaboda wa Mwanza na Mita Kumi na Tano

Hii nimetumiwa na wifi yangu kwenye kundi la familia, naye hajui ilianzia kwa nani. Sijaongeza chumvi, au labda kidogo tu. Isome ukiwa umetulia, na kama una haraka, basi wewe ndiye hasa unayeihitaji.

Kulikuwa na kijana wa Mwanza anaitwa Nkwabi. Kabla hajapata ufadhili wa kwenda kusoma nje, aliendesha bodaboda miaka tisa katika kijiwe cha Igoma. Alipakia abiria watatu kwa mpigo, alipakia magunia ya mkaa, alipakia hadi kabati la vioo na halikupata ufa. Ukimuuliza mtu yeyote pale kijiweni nani anaijua pikipiki, anakutajia Nkwabi.

Ufadhili ukampeleka Taiwan, kisiwa cha mbali huko mashariki, kusomea ufugaji wa samaki. Mama yake alikuwa na eneo karibu na ziwa, na alikuwa ameshapima kwa macho mahali mabwawa yatakapochimbwa. Kwa hiyo mtoto hakwenda kutalii.

Sasa sikia. Mwaka wa mwisho, kila mwanafunzi lazima afanye mafunzo kwa vitendo miezi mitano. Bila hayo hakuna shahada, na bila shahada ufadhili unaisha, unarudi nyumbani na begi lako. Wenzake waliwahi nafasi za mjini. Nkwabi akabakiwa na moja tu, kwa Bwana Tsai, mzee anayefuga samaki aina ya mwatiko mbali na mji, mahali ambapo basi halifiki.

Bwana Tsai alimpigia simu. Maneno yake yalikuwa machache.

"Una leseni ya skuta?"

"Ninayo ya kwetu, ya pikipiki."

"Nauliza ya huku."

"Bado."

"Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, njoo nayo. Bila hiyo usije."

Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Nkwabi alipokata simu alicheka peke yake. Yaani yeye, mtu wa Igoma, aulizwe leseni ya skuta! Vile vipikipiki vya matairi madogo, visivyo na gia, ambavyo ukionekana navyo kijiweni wenzako wanakuuliza umekiazima kwa dada yako? Lakini huko kila mtu anapanda skuta. Mwalimu anapanda, mchinja nyama anapanda, hata bibi anayekwenda sokoni anapanda, na mbwa wake amesimama mbele, miguuni pake.

Akaenda kwa fundi mmoja, Kuo, akanunua ya mtumba, rangi ya kijani, kwa akiba ya miezi minane. Fundi alitaka kumwelekeza.

"Angalia, mkono wa kushoto hapa..."

"Najua," Nkwabi akamkatiza. "Nimeendesha miaka tisa."

Fundi akampa funguo. Mtu akishasema najua, utamfanyaje?

Kwa kuwa hakuwa na leseni, Nkwabi aliikokota skuta yake mpaka bwenini. Hilo nampa sifa.

Siku ya mtihani ikafika. Maswali ya kuandika aliyamaliza mapema, akapata karibu yote. Kisha wakapelekwa uwanjani. Chini pamechorwa mistari miwili myeupe, karibukaribu, urefu wake mita kumi na tano. Unatakiwa kupita katikati. Ukigusa mstari, king'ora kinalia. Ukiweka mguu chini, umefeli. Na ukifika mwisho kabla ya sekunde saba kutimia, umefeli vilevile.

Utasema sekunde saba si kitu. Haya, kaa juu ya magurudumu mawili, nenda polepole kuliko mtu anayetembea, uhesabu moja mpaka saba bila kuyumba, halafu uniambie.

Mbele yake kwenye foleni alikuwapo bibi wa miaka sitini na tisa, Bibi Hsu, muuza maziwa ya soya sokoni. Kofia yake ngumu ilimfunika mpaka nyusi. Kila dakika alikuwa anaukaza upya mkanda wake.

"Usiogope, bibi," Nkwabi akamwambia kwa upole. "Ni kitu kidogo tu."

Bibi akapanda, akaenda taratiiibu, mtu unaweza kusinzia. Sekunde tisa. Amefaulu.

Ikawa zamu ya Nkwabi. Alipita katikati ya mistari kama amefungwa kamba, hakuyumba hata kidogo. Sekunde nne.

"Umefeli," kipaza sauti kikasema. "Rudi baada ya siku saba."

"Kwani nimegusa mstari?"

"Hapana."

"Nimeweka mguu chini?"

"Hapana. Umewahi."

Jamani. Maishani mwake Nkwabi hakuwahi kuambiwa amekosea kwa kuwahi. Huko kwao ndicho alichokuwa analipiwa. Alitoka pale akinung'unika kwamba watu hawa hawajui pikipiki, wanajua kujaza fomu tu.

Wiki ya pili akarudi. Safari hii akasema, mnataka polepole, nitawapa polepole. Sasa, kila aliyezoea pikipiki ya gia anajua: ukitaka kutambaa, mkono wa kushoto unabana klachi kidogo, injini inanguruma, wewe unajivuta. Mkono unafanya wenyewe, hauombi ruhusa. Nkwabi alipofika katikati ya mistari, mkono ukabana. Lakini skuta haina klachi. Pale kushoto ndipo ilipo breki ya nyuma. Skuta ikasimama palepale, Nkwabi akaenda upande, mguu ukatua chini.

"Umefeli. Rudi baada ya siku saba."

Kwenye benchi mtu akacheka, kisha wakacheka wengi. Aibu ilimshika mpaka masikio yakamwaka. Hapo ndipo alipoelewa fundi Kuo alitaka kumwambia nini siku ile.

Ilikuwa imebaki nafasi moja tu, Ijumaa, kabla ya ile Jumatatu. Nkwabi akaogopa kwelikweli. Akilini alimwona mama yake amesimama kwenye lile eneo karibu na ziwa, akisubiri.

Kulikuwa na Mtanzania mwenzake pale chuoni, Kaijage, mtu wa Bukoba, mwenyeji wa siku nyingi, mwenye jibu la kila kitu. Aliposikia akatoa pochi yake.

"Chukua leseni yangu. Ukimaliza miezi mitano, nirudishie."

"Ina picha yako."

"Kwani hawa wanatutofautisha? Mimi jirani yangu mwaka wa nne huu ananiita jina la yule Mganda wa ghorofa ya chini, na ananisalimia vizuri tu. Huyo mzee wako wa samaki ataangalia kadi, ataona mtu mweusi, yameisha."

Nkwabi akaipokea. Tusimpambe, aliipokea. Alitembea nayo siku mbili. Kilichomfanya aamue kuirudisha si ucha Mungu, ilikuwa hasira. Kila akiitazama ile picha alisikia uchungu: yeye, Nkwabi wa Igoma, aende kazini kwa jina la Kaijage, ambaye hata baiskeli anapanda kwa kujikaza? Na bibi muuza soya anayo yake!

Akaenda sokoni asubuhi, akampata Bibi Hsu kwenye meza yake. Akainamisha kichwa.

"Bibi, naomba unifundishe."

Bibi akamtazama kutoka chini mpaka juu. "Wewe si ndiye uliyeniambia nisiogope?"

"Ndiye mimi."

"Ukasema ni kitu kidogo?"

"Nilisema, bibi. Nisamehe."

"Kunywa kwanza hii," bibi akasema, akamsukumia kikombe cha maziwa ya soya. "Nikifunga meza twende kule nyuma."

Nyuma ya soko palikuwa na uwanja mtupu wa saruji. Bibi akachora mistari miwili kwa chaki, akaenda kusimama mwisho wake, mikono kiunoni. Nkwabi akaja, mkono ukabana, skuta ikasimama. Akarudia. Ikasimama tena. Bibi akamfuata.

"Huo mkono unafanya nini?"

"Ni mazoea, bibi. Kwetu pale panakuwa na klachi."

"Basi mkono wako bado uko kwenu. Wewe umefika, wenyewe haujafika."

Akatoa mfukoni mipira midogo, ile anayofungia mifuko ya maziwa, akamfunga vidole viwili vya kushoto visiweze kufika kwenye breki. Viwili vilivyobaki akamwambia aviweke juu ya breki tu, viguse kidogo, visivute.

"Na uache kuangalia tairi. Tairi linajua lilipo. Niangalie mimi."

Siku tatu walikuwa pale kila soko likifungwa. Nkwabi alianguka mara mbili, akachubuka kiwiko, akatukana kwa Kisukuma, na bibi akahesabu kwa sauti bila kumwonea huruma. "Tano! Umewahi. Rudi." "Sita! Mguu! Rudi." Yule bibi ambaye Nkwabi alimwonea huruma kwenye foleni, sasa Nkwabi alikuwa anamwogopa kuliko msimamizi wa mtihani.

Siku ya tatu, akiwa amechoka, Nkwabi akauliza, "Bibi, sasa miaka tisa yote ile nilikuwa naendesha nini?"

"Ulikuwa unaendesha haraka," bibi akasema. "Hiyo ni kazi nyingine."

Alhamisi akamrudishia Kaijage leseni yake.

"Ukifeli kesho usije kulia kwangu," Kaijage akasema, na alikuwa amenuna kweli.

Ijumaa hakuna aliyecheka kwenye benchi. Nkwabi alipita katikati ya mistari huku akimtazama Bibi Hsu, ambaye alikuwa amefunga biashara yake akaja kusimama nje ya uzio. Sekunde nane. Vipengele vingine vya mtihani vikafuata, akavimaliza vyote. Kipaza sauti kilipomwambia amefaulu, aliomba kirudie. Kikarudia. Machozi yalimtoka, na hakujali nani anamwona.

Jumatatu akafika mabwawani mapema, baada ya kilomita ishirini na moja za upepo wa bahari usoni. Bwana Tsai alikuwa mtu mfupi, buti za mpira mpaka magotini, hana salamu ndefu. Nkwabi akatoa leseni yake, akamnyooshea kwa mikono miwili.

Bwana Tsai hakuipokea. Hata hakuitazama.

"Weka mfukoni," akasema. "Pakia mfuko mmoja wa chakula cha samaki, upeleke kwenye kibanda cha pampu, kule."

Nkwabi akaangalia kule. Njia ya kwenda kibandani ilikuwa tuta la udongo katikati ya mabwawa mawili, jembamba, hata bata wawili wasingepishana. Maji kulia, maji kushoto, na kingo zinateleza kwa umande. Ukienda mbio, tairi linatoka nje. Ukisimama, huna pa kuweka mguu. Hatua kama mia mbili.

Akauweka mfuko mbele miguuni pake, akawasha. Mkono wa kushoto ukataka kubana, akaukataza. Akatazama kibanda, akaacha tairi lijue lilipo. Akaenda. Bwana Tsai alitembea nyuma yake, na akalazimika kupunguza mwendo asimpite.

Alipofika, shati lilikuwa limelowa jasho. Akashusha mfuko.

"Bwana Tsai," akasema, "leseni yangu hujaitazama."

"Niitazame ya nini?"

"Si ulisema bila leseni nisije? Nilidhani unaogopa polisi."

"Polisi gani aje huku?" mzee akauliza, na kwa kweli alishangaa. "Huku wanakuja korongo tu. Kwenye mtihani kuna ile mistari miwili, si ndiyo? Mimi hapa sina mistari. Mwaka jana alikuja mwanafunzi na leseni nzuri tu, sijui aliipataje. Nilimtoa humo," akaonesha bwawa la kushoto, "amevunjika mkono, na mfuko wangu umezama."

Nkwabi akayatazama yale maji. Alijiona mle ndani, mkono umevunjika, jina la mtu mwingine mfukoni.

"Kwa hiyo nimepata nafasi?" akauliza taratibu.

Bwana Tsai alikuwa ameshageuka kuwasha pampu.

"Mifuko iko kumi na miwili," akasema. "Umeleta mmoja."

Funzo: Anayekuambia uje na cheti, mara nyingi hana shida na karatasi, ana shida na kile ambacho karatasi inasema unakiweza. Karatasi utaazimwa na rafiki, lakini tutani utapita mwenyewe.