Boti Isiyo na Jina

Hapo zamani, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, pale milima inapoingia majini, mume na mke walinunua boti ili wazeekee ziwani. Mume aliitwa Ambakisye, mke Subilaga. Kuiendesha walijua. Kuisimamisha hawakujua.

Boti haikuwa na jina. Subilaga alitaka iitwe Lusekelo, kama binti yao waliyemzika. Ambakisye hakutaka.

"Nitalitamkaje kila asubuhi?"

"Na tusipolitamka sisi, nani atalitamka?"

Wakakubaliana: atakayeifanya boti itulie, watu walale waamke ikiwa salama, ndiye ataipa jina.

Wakamwendea Tupokigwe, shangazi yake Ambakisye, aliyezeekea kwenye maboti.

"Nanga mbele," akawaambia, "na kamba ya pili nyuma, hadi nchi kavu. Na kamba ya nanga iachieni iwe ndefu, msiibanie kama chumvi ya kuazima."

Wakatia nanga, boti ikaondoka. Wakatia tena, ikaondoka tena. Mume alibania kamba. Mke alizima injini kabla nanga haijauma mchanga.

"Mke wangu, una haraka ya kwenda wapi?"

"Na wewe, kamba hiyo unamwekea nani?"

Siku moja ukungu ulitanda, ziwa na mbingu vikawa kitu kimoja. Ambakisye akaachia kamba yote. Subilaga akairudisha boti nyuma polepole, nanga ikauma. Utulivu ukawalevya. Kamba ya pili wakaiacha imekunjwa, wakalala.

Subilaga akaota binti yake anatembea juu ya maji, viatu mkononi, haangalii nyuma. Akafumbua macho. Ukungu ulikuwa umepasuka kidogo, na ufukweni jiwe jeupe na mti ulio nyuma yake vilikuwa vimeachana. Walipolala vilikuwa mstari mmoja. Nanga ilikuwa imeshika, lakini upepo ulikuwa umegeuka, na boti ilikuwa inazunguka kuelekea miambani.

"Baba, amka! Tunakwenda!"

Ambakisye akakamata kamba ya pili, akajitosa, akaogelea kuelekea ufukweni. Subilaga akawasha injini, akaizuia boti isiguse mwamba. Mumewe akapotelea ukunguni. Kamba ikateleza, ikateleza, kisha ikakaza. Boti ikatulia. Ambakisye akarudi akiifuata kamba, wakalala tena, wakaamka, ipo palepale.

Shangazi akaja na kopo la rangi na brashi.

"Haya, nani anaandika?"

"Mimi," alisema Subilaga. "Huyu alikuwa anakoroma. Na aliyeniamsha ni Lusekelo mwenyewe."

"Uliona, lakini macho hayafungi boti," alisema Ambakisye. "Niliyefunga ni mimi. Na kule majini, kila nilipopiga mkono nilikuwa namwita yeye. Nimemwita vya kutosha."

"Na kamba hiyo ya pili mlifundishwa na nani?" alisema shangazi. "Basi iitwe Tupokigwe, tuone!"

Subilaga alicheka. Kisha akamtazama mumewe, ambaye nguo zake zilikuwa bado hazijakauka, na asinyooshe mkono kuchukua brashi.

Mnaosikiliza, rangi inakauka koponi. Je, kati ya hao, nani alistahili kuipa boti jina?