Gogo la Mwanasiti

Mpo? Nami nipo, mimi na kitambi changu.

Mwanasiti, fundi wa milango, alikuwa na gogo la ajabu: uliite jina lolote, linageuka kitu hicho.

Zimwi akaja kumla. Akausukuma mlango. "Komeo," akasema Mwanasiti, na mlango ukabanwa. Zimwi akakanyaga paa. "Boriti," na paa likasimama imara. Akavunja dirisha. "Ubao," na dirisha likazibwa, ila zimwi akaung'oa ubao, akaukumbatia.

"Una maneno mengi, dada. Mimi nimekuja kukupika. Mti nauita jina moja tu."

"Liite, kaka. Shika vizuri."

"Kuni."

Ubao ukageuka kuni, na kazi ya kuni ni kuwaka: zikawaka kifuani pake, akakimbia akifuka moshi.

Mwanasiti akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Nyumba yangu, maneno yangu," akasema.

Ngano imeungulia hapo. Majivu ni yenu.