Upande wa Nguzo Unaotazama Ukuta

Kina mama, kabla sijaanza, kila mmoja aape moyoni kwamba hili halitoki humu ndani. Aliyenipa mimi aliniapisha, nikaapa. Nimekaa nalo tangu jana jioni, kwa hiyo msiseme sikujitahidi.

Kulikuwa na seremala mmoja. Jina simtaji, maana nikisema Nderingo mtamjua. Wazee wa kanisa walimpa nguzo moja ya zege aivishe mbao za mninga, wamwone. Ikipendeza, apewe na zile tano zilizobaki. Hiyo ni kazi ya miezi mitatu, na mwenzetu hakuwa ameshika kazi ya maana tangu masika.

Sasa nguzo yenyewe imekaa pabaya. Kati yake na ukuta pana shubiri moja na vidole viwili, nyundo haina pa kuinuka. Fundi anayejua huanzia nyuma: ubao wa nyuma anauunganisha na wa ubavuni zikiwa bado sakafuni, kisha anaziingiza mbao zote mbili kwa pamoja kutoka pembeni, ndipo anamalizia mbele. Huyu akaanzia mbele, kwa sababu ndiko watu wanakokaa. Akapiga randa, akapaka vanishi, ungeweza kujitazama pale ukafunga kilemba. Kuja nyuma, mkono wenye nyundo hauingii. Ubao uliobaki akauficha nyuma ya kinanda, akaenda zake.

Mama anayefagia kanisa akamwuliza, "Fundi, na huku nyuma?"

"Huko anapita nani, mama?"

"Mimi na ufagio wangu."

"Basi mwambie ufagio anyamaze."

Mzee wa kanisa alipomwuliza, akajibu kwamba nyuma amepatengeneza kuliko mbele. Mnamwona? Angesema tu bado, nani angemla?

Jumapili yule mzee akatangaza kwamba wakishamaliza ombi la mwisho, wazee wataipapasa nguzo pande zote nne, halafu watatoa neno. Fundi alikuwa amekaa benchi la karibu na nguzo, apongezwe bila kutafutwa. Watu wakasimama, wakafumba macho. Na mwombaji ni huyo huyo mzee anayewataja wagonjwa jina kwa jina, akimaliza watu anaingia kwenye mifugo yao. Fundi akajua muda upo. Akauchomoa ubao kule nyuma ya kinanda, akabana midomoni misumari ya mfukoni, akatoa pumzi yote, akajipenyeza ubavu ubavu kati ya nguzo na ukuta.

Mwacheni hapo kidogo, hana pa kwenda. Niwaulize: sisi tumemzidi nini? Mbele yetu si tumepigwa randa tukang'aa? Mchungaji akija kwetu anapata chai ya maziwa na chapati, na mkwe aliyepika anasubiri ukoko jikoni. Sare za kikundi tumeshona, lakini na jirani hatujapeana salamu tangu mahindi ya mwaka juzi yaliwe na mbuzi. Tukiulizwa, tunasema kwetu amani tele. Kwa nini tunaanzia kunakoonekana? Anzeni na mkwe, wanangu. Anzeni na jirani, leo, wakati mkono bado unaingia. Mnangoja nini, mpaka watu wafumbe macho?

Haya. Mzee akamaliza ng'ombe wa mjane, akasema amina. Macho yakafumbuliwa. Koti la fundi lilikuwa limenaswa kwenye misumari yake mwenyewe, ile aliyoipiga kwa haraka alipovisha ubavuni, ikatokeza nyuma. Haendi mbele, harudi nyuma, ubao umemkaa kifuani. Mzee akainama akachungulia, kanisa zima limejipanga nyuma yake na watoto wamepanda juu ya mabenchi.

"Endelea tu, fundi," akamwambia. "Tunakusubiri."

Naye kujibu hawezi, misumari imejaa mdomoni.