Fisimaji, Bi Sangara na Salamu Ndefu

Paukwa!

Pakawa!

Ah, hiyo pakawa gani? Mmeitikia kama wagonjwa. Na nyinyi wakubwa mmefumba midomo, eti hadithi ni ya watoto. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tuko pamoja.

Hapo zamani za kale, kwenye mto mmoja uliojaa mafunjo, palikuwa na bwawa. Katika bwawa hilo aliishi Fisimaji. Usiogope wewe, si fisi yule mwizi wa mbuzi. Fisimaji ni mnyama mwembamba, ana sharubu, na kazi yake ni kupiga mbizi. Huzama hapa, chubwi! Huibuka kule, fyuu! Mkononi ana kaa.

Fisimaji alikuwa na shoga yake, Bi Sangara. Samaki mkubwa huyo, mrefu, mdomo mpana, magamba yanameta. Wengine walimwogopa kwa ule mdomo. Fisimaji hakumwogopa. Alimpenda. Asubuhi waliogelea pamoja. Mchana walipumzika chini ya mayungiyungi, mmoja anasimulia, mwingine anacheka. Fisimaji akipata kaa wawili, mmoja ni wa shoga. Bi Sangara akiona kaa amejificha chini ya jiwe, humwita shoga. Ndivyo walivyoishi.

Mwaka huo Bi Sangara alikuwa na mayai. Tumbo limejaa, tii! Na bwawa zima lilikuwa likimngoja, kwa sababu kiangazi kilichopita samaki wengine wakubwa walihama na maji, akabaki jike mmoja tu, yeye. Mayai yake yakipotea, bwawa halina samaki wakubwa tena.

Basi siku moja Fisimaji akamkuta shoga yake ametulia kwenye matete, mdomo wazi. Uzi mfupi unaning'inia.

"Shoga, una nini?"

"Ndoana," akasema Bi Sangara, na sauti haikutoka vizuri. "Nilimeza kisamaki, kumbe kina ndoana ndani. Uzi nimeukata, lakini ndoana imebaki kooni. Leo siku ya tatu sijala."

"Hebu nione." Fisimaji akachungulia. Ile pale, imekita. Akajaribu kwa ukucha, haufiki. Akajaribu kwa jino, Bi Sangara akaruka kwa maumivu, patapata!

"Basi, shoga, basi. Hii inataka mikono na mdomo mrefu. Ngoja niite watu."

Akamwita Kima, mwenye mikono. Akamwita Korongo, mwenye mdomo mrefu mwembamba, koleo la fundi kabisa. Tena akamwapisha Korongo kwamba hatamla mgonjwa.

"Nimle huyu?" akasema Korongo. "Kwa koo hili langu? Mwenyewe nitahitaji daktari."

"Mimi majini siingii," akasema Kima. "Mleteni nchi kavu."

Fisimaji akamsukuma shoga yake mpaka ukingoni. Kima akamdaka kwa mikono yake mikavu, vuu! Akambwaga mchangani. Mchanga wa saa sita mchana, unachoma.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo watu wa bwawani walipoharibu.

Wanyama wa bwawa lile walikuwa na adabu. Adabu si mchezo! Kwao mgeni akifika hafanyiwi jambo lolote kabla hajasalimiwa. Hata nyumba ikiungua, atasalimiwa kwanza, moto baadaye. Na salamu zao si za neno moja. Unaulizwa hali yako, ya watoto, ya kuku, ya paa la nyumba, na ya goti lililokuuma mwaka juzi. Na Bi Sangara, tangu azaliwe, alikuwa hajakanyaga nchi kavu, ingawa miguu yenyewe ya kukanyagia hana. Kwa hiyo ni mgeni. Mgeni wa heshima.

Kima akaanza. "Shikamoo, Bi Sangara!"

Bi Sangara akafungua mdomo, pa! Akafunga.

"Ameitikia!" Kima akafurahi. "Habari za majini?"

Pa!

"Nzuri, anasema. Wa nyumbani hawajambo?"

Pa! Pa!

"Hawajambo wote! Lo, mama huyu kafunzwa."

Korongo akasema, "Nami nimsalimu. Nitamwingiaje mtu kooni bila salamu? Bibi, umeamkaje?"

Pa!

"Pole na maumivu."

Pa!

"Na poleni na kile kiangazi, maana hatujaonana tangu wakati ule."

Pa!

Mara Kanga akapita na watoto wake kumi na mmoja. "Jamani! Bi Sangara yuko nchi kavu? Wanangu, njooni mumpe mkono!" Wakaja mmoja mmoja, wote kumi na mmoja, kila mmoja akamshika pezi kwa bawa lenye vumbi.

Na Fisimaji je? Simfichi mtu mimi. Fisimaji alikuwa amevimba kwa fahari. Shoga yake anaheshimiwa namna ile! Alisimama kando kama mama wa bibi harusi, anakaribisha watu. "Karibuni, karibuni! Si ndiye huyu niliyekuwa nikiwaambia? Kima, hebu mwinue, wamwone alivyo mrefu!"

Kima akamtia vidole kwenye matamvua, pale pale samaki anapopumulia, akamwinua juu, ning'i!

"Ohoo!" wote wakashangaa.

Akatokea Mzee Kiboko. "Nyamazeni. Mimi ndiye mkubwa hapa na sijasalimu bado." Akakohoa. Na Mzee Kiboko akikohoa, jua hotuba inakuja, kaa chini. "Bi Sangara. Kwa niaba ya bwawa zima..."

Pa.

"...na kwa niaba ya marehemu baba yangu..."

Pa. Taratibu.

"...na babu yangu, aliyehamia hapa mwaka ule wa mafuriko..."

Kimya.

"Mbona haitikii?" akauliza Kima.

"Hotuba imemgusa," akasema Kanga, naye akajifuta jicho.

Fisimaji akasogea. Akamtazama shoga yake usoni. Magamba yamekauka. Mchanga umeganda ubavuni. Ule utelezi unaomkinga samaki umebanduka, umebaki kwenye viganja vya Kima. Mdomo uko wazi, haufungi tena.

Mdomo ule Fisimaji aliujua. Si wiki iliyopita tu, akimfukuza kaa, alinaswa mguu chini ya mzizi kule kilindini? Pumzi ikamwishia. Mdomo wake ulifunguka na kufunga vilevile, pa, pa, pa, na hakuwa akimwitikia mtu salamu.

"Mama yangu!" akapiga kelele. "Hakuwa anaitikia! Alikuwa anatafuta pumzi! Anakufa!"

"Nimalizie maneno mawili tu," akasema Mzee Kiboko.

"Mzee, nakuheshimu, lakini nyamaza!"

Weee! Watu wakashika vichwa. Tangu bwawa liwe bwawa, nani alimwambia Mzee Kiboko anyamaze? Fisimaji hakungoja jibu. Akampokonya Kima, akamkumbatia shoga yake, wakaingia majini pamoja, chubwi!

Majini akamshikilia. Akangoja. Mara tamvua moja likatikisika. Mara la pili. Jicho likageuka.

"Shoga," akasema Bi Sangara kwa taabu, "usinirudishe kule."

Fisimaji akalia. Maana ndoana ilikuwa bado imo kooni.

"Nitakurudisha," akasema. "Mara moja tu. Nisipokurudisha utakufa na njaa, wewe na mayai yako. Lakini nakuapia, hutakaa juu kuzidi pumzi yangu moja. Na kabla hujatoka, kila kitu kitakuwa tayari. Niamini."

"Nakuamini," akasema Bi Sangara.

Fisimaji akapanda ukingoni, macho mekundu. Siku hiyo hakumwita mtu bwana wala bibi.

"Kima, lowesha mikono! Mpaka viwikoni! Utamshika chini ya tumbo na karibu na mkia. Vidole kwenye matamvua nikiviona, navitafuna. Kanga, kata mafunjo mabichi, yachovye majini, tandika hapa kivulini. Korongo, simama hapa, mdomo tayari. Hatumleti mgonjwa ndipo tuanze kumtafuta daktari. Na akishatoka majini, kila mtu azuie pumzi. Ukiishiwa wewe, ujue na yeye kaishiwa."

"Hata mimi?" akauliza Mzee Kiboko, bado amenuna.

"Wewe hasa, mzee. Ukizuia pumzi hutahutubia."

Watoto wa Kanga wakacheka, mama yao akawakata jicho. Lakini Mzee Kiboko akavuta pumzi. Mashavu yakamvimba, puu!

"Haya!"

Chubwi! Bi Sangara nje. Wote, mmm! Kima akamlaza juu ya mafunjo, polepole, kwa mikono inayochuruzika maji. Hakuna shikamoo. Hakuna habari za wa nyumbani. Fisimaji akashika taya, akaifungua. Korongo akaingiza mdomo. Akapapasa, haipo. Akapapasa tena. Kima macho yamemtoka. Kanga anayumba. Mzee Kiboko amekuwa mwekundu hadi masikioni. Korongo akaishika ndoana, akairudisha nyuma ilikoingilia, akaizungusha kidogo, chwa! Hiyo nje!

Na kabla haijagusa hata chini, Fisimaji keshamtelezesha shoga yake majini. Wote, haaaa! Wakavuta pumzi mpaka majani yakatikisika.

Lakini Bi Sangara hakuogelea. Alilala ubavu, tumbo jeupe linaonekana.

"Mrushe!" akasema Kima. "Mrushe kule kilindini, atazinduka!"

"Hamrushi mtu," akasema Fisimaji. "Kule juu nilikuwa na haraka. Huku sina."

Akamwekea mikono chini ya tumbo, akamweka sawa, mgongo juu. Akamwelekeza kichwa mkondo unakotoka, maji yapate kumwingia mdomoni yenyewe. Akangoja. Jua likahama upande. Kanga akawapeleka watoto kulala. Fisimaji hakuitoa mikono.

"Shoga, nisamehe," akamwambia. "Nilitaka wakuone. Nilitaka kila mtu ajue kwamba nina shoga kama wewe. Nikasahau kukutazama wewe mwenyewe."

Halafu mkia ukacheza. Tik. Fisimaji akazuia pumzi. Tik, tena. Mgongo ukakaza. Matamvua yakafunguka yote mawili. Na mara, fyaaaa! Bi Sangara akachomoka mikononi mwake, akapiga mkia mmoja mkubwa, maji yakamrukia Mzee Kiboko usoni, akatokomea kilindini na mayai yake yote.

"Ebo!" Mzee Kiboko akapangusa macho. "Hata ahsante? Hata kwaheri? Mgeni gani huyu anaondoka bila kuaga!"

Fisimaji alikuwa amesimama majini, mikono mitupu, anacheka na machozi yanamtoka.

"Aende, mzee," akasema. "Aende tu. Asiage."

Mvua za mwaka huo zilipoanza, bwawa lilijaa vitoto vya sangara, vingi hata Korongo alishindwa kuvihesabu.

Basi wanangu, hadithi inasema hivi: ukimtoa samaki majini nawe unataka aishi, jiandae kabla hujamtoa, lowesha mikono, fanya upesi, kisha mshikilie majini mpaka aende mwenyewe. Na nyinyi wakubwa, nanyi imewahusu: umpendaye, kabla hujawaonyesha watu, mtazame kwanza kama anapumua.

Hadithi yangu imekomea hapo. Haya, vuteni pumzi.