Kiboko Aliyekalia Chemchemi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa bonde, bondeni chemchemi. Mna kiu?

Tuna kiu!

Basi sogeeni, mnywe.

Hapo zamani za kale, katika bonde lenye chemchemi moja tu, wanyama walitawaliwa na Kiboko. Alikuwa mnene, hata kivuli chake kilikuwa kinahema! Kutwa kucha alilala ndani ya chemchemi. Akaoga humo, akanya humo. Maji yakawa tope, tope likawa uvundo.

Wanyama wakasema, "Mwaka huu tutapata kiongozi mwingine, Mungu akipenda." Mwaka ukapita. Wakasema tena. Ukapita.

Mama Kanga naye alisema hivyo hivyo, mpaka kifaranga wake mdogo alipokunywa maji yale akaanza kuharisha. Akamfunika kwa bawa, akamsikia anavyotetemeka. Akajiambia, "Kutumaini nimetumaini. Sasa nitembee."

Akatembea, tipu tipu, hadi kwa Ngiri. Huyu Ngiri alikuwa akichimba vishimo vya maji pembezoni mwa bonde ili watoto wa wenzake wapate cha kunywa. Hakuna aliyemtuma.

"Mzee Ngiri, gombea wewe."

"Mimi? Na sura hii?"

"Tunataka maji, baba, hatutafuti bwana harusi!"

Ngiri akacheka mpaka meno yake yote yakaonekana. Akakubali.

Desturi ya huko, kila baada ya masika, wanyama walijipanga nyuma ya wanayemtaka. Kiboko alilijua hilo. Akampelekea Nyani ndizi. Nyani akala, akasema, "Loo, kumbe mzee ana huruma!" Akampelekea Swala majani mabichi. Swala akala, akasema, "Loo, kumbe mzee ana huruma!" Akampelekea Mama Kanga mtama.

Vifaranga walikuwa na njaa. Mama Kanga akautazama mtama ule. Kisha akawaita Nyani na Swala.

"Jamani, mtama huu ulitoka wapi?"

"Shambani kwetu," akasema Swala.

"Na ndizi?"

"Kwenye migomba yetu," akasema Nyani, sauti imeshuka.

"Basi tule, ni vyetu. Tumbo limekula, lakini miguu haikula kitu. Kesho tusimame tunapotaka."

Kulipokucha wakasimama. Nyuma ya Ngiri, msururu mpaka kilimani. Nyuma ya Kiboko, nzi.

Kiboko akapiga mwayo. "Mmeshinda? Haya, njooni mnitoe!" Akazama, yakabaki masikio.

Nani atamvuta Kiboko? Wanyama wakanywea. Lakini Ngiri akapiga magoti kando ya chemchemi, akaanza kuchimba mfereji. Swala akachimba kwa kwato. Nyani akachimba kwa mikono. Mama Kanga na vifaranga wakaparua, paru paru paru! Maji yakapata njia, yakateremka, tope likabaki nyuma, yakajaza bwawa jipya, safi, unaona mpaka mchanga. Kiboko akabaki kwenye tope, jua likimchoma mgongo. Akainuka, akaenda zake mtoni, wala hakuaga.

Bonde likaimba. Kifaranga akanywa, akapona.

Siku hazikupita nyingi, Mama Kanga akaenda kuchota maji. Akamkuta nani ndani ya bwawa, kalala chali, macho kayafumba kwa raha? Ngiri!

Akasema, "Mzee Ngiri. Toka."

Ngiri akafumbua jicho moja. Akamtazama Kanga, akayatazama maji yanavyochafuka. Akatoka, maji yakimchuruzika. "Nisamehe, mama. Joto lilinizidi. Ukiniona tena humu, niambie tena."

"Nitakuambia," akasema Mama Kanga. Akarudi kwake moyo mweupe, akiimba.

Wanangu, ngano hii inatufunza kwamba tumaini bila miguu halifiki popote. Na kiongozi mwema si yule asiyekosea kamwe. Ni yule ukimwambia toka, anatoka.

Ngano yangu nimeitua hapa. Mwenye yake na ajitwike.