Kwa Nini Watu Husimama kwa Pande

Zamani, watu wa Kisheni walipokuwa wachache, hapakuwa na chama wala upande. Likizuka jambo, walikutana uwanjani na kila mtu akasema kwa kinywa chake mpaka akamaliza. Hata mwenye kigugumizi alisubiriwa. Nakunda, mfinyanzi wa vyungu, alikulia katika siku hizo, na hakuwahi kuonja utamu kama ule wa kusikilizwa na kijiji kizima.

Lakini watu waliongezeka, wakawa mamia. Mwaka mmoja kijito kilipungua, ikabidi waamue maji ya mfereji yaende mashamba ya juu au ya chini. Walizungumza siku tisa, kila mmoja na lake. Hawakuamua. Mahindi yakakauka juu na chini, njaa ikaingia, na Nakunda akamzika mjukuu wake.

Msimu uliofuata, makelele yalipoanza tena, alisimama katikati.

"Ndugu zangu, mwaka jana tulisema sote, na hakuna aliyesikika. Mnaotaka juu njooni huku, wa chini nendeni kule. Kila upande umchague mmoja wa kuwasemea."

"Na sisi tunaotaka maji kwa zamu?" akauliza mkwewe, Mashambo. Walikuwa saba tu.

"Saba nao ni upande. Simameni pale."

Watu wakajipanga. Wengine walifuata wazo, wengine ukoo wao, wengine mtu waliyempenda tu. Nakunda alikwenda juu. Mumewe, Mrutu, akaenda chini. Tangu waoane hawakuwahi kusimama mbalimbali.

Wasemaji watatu wakanena, watu wakahesabiwa, wa chini wakashinda. Wa juu wakaanza kuondoka kwa hasira.

"Msiende!" Nakunda alisema. "Tukiondoka, nani atawauliza maji yanakwenda wapi? Tukae tuwaangalie. Mwakani tutaomba tena."

Wakakaa. Walioshinda walipouacha mfereji ubomoke, walioshindwa waliuliza hadharani mpaka ukatengenezwa. Mwaka wa tatu upande wa wale saba ulikuwa na watu wengi kuliko wote, na maji yakaenda kwa zamu.

Mahindi yalizaa vizuri. Hata hivyo, jioni ya siku ile ya kuhesabiwa, Nakunda alikuwa amemwambia mumewe, "Msemaji wetu wa juu amesema vizuri, Mrutu. Ila mimi ningeanza na mjukuu wetu tuliyemzika."

Na tangu siku hiyo watu hujiunga kwa vyama; wanaoshinda huongoza, wanaoshindwa huketi mbele yao wakiuliza. Na ndiyo maana hata leo mtu, akishasemewa vizuri kabisa, hurudi nyumbani na neno moja bado liko kooni.